Shoka la babu: nani aliyeifungua Geita?

Mwishoni mwa muhula uliopita nilikuwa nikifundisha mada ya sera za kilimo za kikoloni katika Kanda ya Ziwa. Mwanafunzi mmoja, kijana mchangamfu wa mwaka wa tatu, alinyoosha mkono akasema kwa uhakika kabisa kwamba Geita ilikuwa pori tupu mpaka mgodi ulipokuja. Darasa zima likaafiki. Hata waliotoka Geita wenyewe waliafiki, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Nilijibu kwa ufupi kwa kuwa kipindi kilikuwa kinakwisha, nikaahidi kuandika. Naomba radhi kwa kuchelewa. Nitaijibu hoja ile kwa kumfuata mtu mmoja, baba yake baba yangu, kwa sababu miongoni mwa wote walioifyeka Geita ndiye niliyepata kukaa naye jioni, nikamsikiliza. Jina lake nalihifadhi. Ukoo wetu ni mkubwa, na baadhi ya mambo nitakayoyagusa bado yako mezani.

Wasukuma wana majina ya pande za dunia ambayo wageni waliyageuza kuwa majina ya watu. Sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki, ng'weli ni magharibi. Babu alizaliwa upande wa Usiha, Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya 1920, na ujanani alijihesabu kuwa Mdakama, mtu wa kusini. Alipohamia Geita, wale aliowaacha nyumbani wakamwita mtu wa ng'weli. Karani wa sensa ya 1967, sensa ya mwisho nchini kuuliza kabila, alipofika kwake, alijibu kwamba yeye ni Msukuma. Kwa hiyo katika maisha ya mtu mmoja tunaona majina matatu, na yote matatu yanaeleza tu alikuwa amesimama wapi na nani alikuwa anamtazama. Nawaambia wanafunzi wangu wawe waangalifu wanaposoma neno "kabila" katika majalada ya kikoloni. Mara nyingi wanachosoma ni dira.

Hadithi yake haina mwanzo bila mbung'o. Katika miaka ya 1890 sotoka iliwafagia ng'ombe wa Afrika Mashariki. Ndui na funza vikaandamana nayo, kisha vikaja vita vya ukoloni. Palipokuwa na mashamba na machunga pakaota vichaka. Vichaka vikaleta wanyamapori, na wanyamapori wakaleta mbung'o. Mwaka 1922 malale iligundulika Maswa, na serikali ya Kiingereza ikashtuka. Shinyanga ikafanywa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya C.F.M. Swynnerton, ambaye alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Aina mojawapo ya mbung'o imepewa jina lake hata leo, Glossina swynnertoni. Ni heshima ya ajabu kidogo, mtu kukumbukwa kwa jina la mdudu aliyetumia nusu ya maisha yake kumwangamiza.

Swynnerton anatajwa katika vitabu vingi. Waliokata vichaka vyenyewe hutajwa kwa idadi. Katika miaka ya 1920 Mtemi Makwaia wa Usiha aliwatoa watu wake kwa wingi kwenda kufyeka, kijiji baada ya kijiji, wakati wa kiangazi. Babu alikuwa mtoto mdogo, kazi yake kupeleka maji kwa wakataji. Alichojifunza pale alikirudia mpaka uzeeni, na nadhani ndicho kiini cha historia nzima ya Geita: mbung'o hashindwi na mtu mmoja. Mdudu yule anahitaji kivuli na damu. Ukifyeka eka mbili katikati ya pori umemwandalia meza, kwa maana ng'ombe wako wako katikati na vichaka vimewazunguka. Kaya ishirini zikifyeka kwa kuungana, shamba likapakana na shamba, kivuli kinavunjika na mdudu anarudi nyuma. Kila kaya inakuwa ngao ya kaya iliyo nyuma yake, na ile ya pembezoni kabisa ndiyo inayozika ng'ombe.

Kazi ile ilifanikiwa mno. Ardhi iliyofyekwa ilijaa watu, na watu wakajaa mifugo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mabwana shamba walikuwa wakifanya hesabu za watu wangapi na ng'ombe wangapi wanaweza kukaa katika maili moja ya mraba bila kuimaliza ardhi, na hesabu zao zikaonyesha kwamba Usukuma wa kati umefurika. Mwaka 1947 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, makao yake yakiwa Malya. Mpango ulichimba malambo, ukafungua visima, na ukakusudia kuzipeleka kaya na mifugo katika maeneo yaliyokuwa na nafasi, Geita ikiwa la kwanza kati ya hayo. Lakini pamoja na malambo zilikuja amri. Mkulima aliamriwa alime kwa matuta yaliyofungwa, apande muhogo wa akiba, apunguze mifugo. Asiyetii alitozwa faini.

Hapa ndipo vitabu na babu wanapoachana. Ukisoma taarifa za wakati ule utadhani watu walihamishwa kwa mpango, kama mizigo ya reli. Babu alikataa kauli hiyo kila aliposikia. "Mimi sikuhamishwa," alikuwa akisema, "nilihama." Amri ya kupunguza mifugo ilipotangazwa kwao, alikuwa na mke, watoto wawili na ng'ombe kumi na wawili, wengi wao bado deni la mahari ya dada zake ambalo angeweza kudaiwa wakati wowote. Kuuza watatu kwa bei ya mnada kulikuwa na maana ya kuvunja ahadi kwa wakwe. Alitazama ng'weli, ambako hakukuwa na mtu wa kuwahesabu ng'ombe wake. Watafiti walioufuatilia mpango huo baadaye wamekubali kwamba wengi wa waliohamia Geita walikwenda kwa hiari na kwa njia zao. Serikali ilitaka watu wahame ili sheria zake zifanye kazi. Watu walihama ili kuzikimbia sheria hizo. Kwenye makaratasi matokeo yanafanana, na ofisa wa wakati ule aliandika kwamba mpango umefaulu.

Alikwenda kwanza peke yake, kiangazi cha 1950, kwa miguu kupitia Solwa na Salawe hadi Nyang'hwale. Huo ndio ulikuwa utaratibu: kijana anatangulia, anafikia kwa ndugu au kwa mtu wa ukoo unaotaniana na wake, anatembea porini akitazama udongo. Alitafuta vichuguu vikubwa, kwa sababu vichuguu humaanisha udongo wenye nguvu, na alionja udongo kwa ulimi. Kisha akaenda kwa ng'wanangwa, kiongozi wa kijiji, akaomba mahali.

Ng'wanangwa yule alikuwa Mzinza. Nataka msomaji alishike jambo hili vizuri, kwa sababu ndilo linalovunja hoja ya pori tupu, na linaivunja pia kwetu sisi wajukuu wa Wasukuma tunaopenda kujiita wafunguaji wa Geita. Uzinza ulikuwa na watemi wake, mipaka yake na mafundi wake. Warongo, wahunzi wa eneo hilo, waliyeyusha chuma kwa karne nyingi, na majembe yao yalifika Usukuma kwa biashara zamani kabla Mzungu hajafika. Yawezekana kabisa kwamba babu wa babu yangu alilima Usiha kwa jembe lililofuliwa katika nchi ambayo mjukuu wake aliikuta baadaye ikiitwa pori. Upweke wa nchi ile ulitengenezwa, kwanza na maafa ya miaka ya 1890, halafu na malale, halafu na sera ya kuwakusanya watu katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na mbung'o. Waliondolewa kwa ajili ya afya zao, mashamba yao yakaota vichaka, na kizazi kimoja baadaye ramani ikaandikwa kwamba hapana mtu.

Babu alilijua hilo. Alipofyeka alikuta vigae vya vyungu na mabaki meusi ya tanuri la chuma. Aliyakusanya akayaweka chini ya mti, wala hakujenga mahali pale. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni ushirikina. Sasa nadhani ilikuwa adabu ya mgeni.

Familia ilihama mwaka 1951, baada ya mavuno. Ng'ombe walibaki Usiha kwa kaka yake, maana kuwaingiza porini mwaka wa kwanza ni kuwaua. Bibi alibeba mbegu: mtama, uwele, karanga na choroko, kila moja katika kibuyu chake, zikiwa zimechanganywa na majivu ili zisibunguliwe. Katika simulizi za ukoo wetu babu ana shoka na bibi ana vibuyu, na kwa miaka mingi nilisimulia habari za shoka peke yake. Niligundua kosa langu nilipoanza kuwahoji wazee wa kike kwa ajili ya utafiti. Shoka lilifungua shamba, ndiyo, lakini mwaka wa kwanza shamba halikuwalisha. Walikula muhogo wa Wazinza, nao muhogo ule ulilipwa kwa kazi ya bibi: kupalilia, kutwanga, kukausha samaki. Ni yeye aliyejifunza Kizinza kwanza. Ni yeye aliyejua nani ana mbegu, nani ana kinyongo, nani atakopesha. Babu alipata ardhi kwa ng'wanangwa, na bibi akapata majirani. Kwa kanuni ya mbung'o niliyoieleza hapo juu, ardhi isiyo na majirani haikuwa na thamani yoyote.

Ufyekaji wenyewe ulikuwa hivi. Vichaka vya chini vilikatwa kwanza kwa panga na shoka dogo. Miti mikubwa haikuangushwa. Ilibanduliwa magome kuzunguka shina ili ikauke ikiwa imesimama, kisha ikachomwa mwishoni mwa kiangazi. Mvua za kwanza zilikuta majivu, na katika majivu yale walipanda uwele na mtama. Kazi nzito ilifanywa na vikundi vya vijana, elika, kwa ngoma na kwa nyimbo, na malipo yalikuwa chakula na zamu: leo kwako, kesho kwangu. Mwaka wa pili walipanda pamba. Mpaka wa shamba ulipandwa minyaa, na minyaa ile ipo mpaka leo, minene kama paja la mtu mzima. Mwaka wa nne ng'ombe wa kwanza walivuka kutoka Usiha. Wawili walikufa kwa nagana. Mwaka wa sita, babu alisema, mbung'o ilikuwa hadithi ya kuwatishia watoto.

Pamba nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa nimeshaiandika hapa mara nyingi. Mbegu zilitoka Ukiriguru, wanunuzi walikuwa mawakala wa wenye viwanda vya kuchambua, na mizani yao ilikuwa na tabia ya kusahau ratili kadhaa kwa kila gunia. Wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe pembeni mwa mizani. Kutokana na wapimaji hao vikazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, Paul Bomani akiwa kiongozi wake. Babu alikuwa mwanachama wa kawaida, hakuwahi kushika cheo. Alijifunza kusoma namba kwa ajili ya mizani, na namba ndizo alizozisoma maisha yake yote. Barua alisomewa.

Tukio la 1958 linastahili kupewa nafasi zaidi kuliko linavyopewa katika vitabu vya shule. Serikali iliamua kwamba baraza la wilaya ya Geita liwe la rangi zote, yaani Wazungu na Waasia wawe na viti pamoja na Waafrika, katika wilaya ambayo Wazungu na Waasia wake walikuwa wachache mno. TANU ilikuwa imezuiwa kufanya kazi Usukuma tangu 1954, kwa hiyo hakukuwa na chama cha kuwaongoza watu. Watu walijiongoza. Walikataa kodi, walikataa amri za matuta, wakaandamana hadi Mwanza kuonana na wakubwa, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Mwaka haukuisha kabla serikali haijalegeza: baraza lile halikusimama, amri za kilimo zikaachwa, na TANU ikaruhusiwa tena.

Babu alikuwemo katika safari ya Mwanza. Sababu aliyonipa haikuwa rangi ya mtu yeyote. Alisema walisikia kwamba baraza jipya litakuwa na mamlaka juu ya ardhi, na kwamba Mzungu akipewa kiti leo, kesho atapewa shamba. Wasomi wamejadili kama hofu ile ilikuwa na msingi. Mimi naona swali la msingi zaidi ni kwa nini hofu iliwaka Geita kuliko kwingine. Jibu langu ni kwamba Geita ilijaa watu waliokuwa wamefyeka kwa mikono yao miaka saba au minane tu iliyopita. Mtu aliyerithi shamba anaweza kudhani ardhi imekuwepo tu. Aliyelifyeka anakumbuka kila mti.

Na walikuwa na haki ya kuogopa, maana kisheria hawakuwa na kitu. Sheria ya Ardhi ya 1923 ilitangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Marekebisho ya 1928 yalitambua kwamba mwenyeji anayekaa kwa mujibu wa mila ana haki ya kukaa, lakini haki hiyo ilidhaniwa tu, haikuandikwa popote. Hans Cory, aliyeziandika sheria za mila za Wasukuma na kuzichapisha mwaka 1953, alieleza jambo jingine ambalo wajukuu tunalisahau: anayehama huacha haki yake nyuma, na ng'wanangwa huigawa ardhi ile upya. Babu alipoondoka Usiha hakuwa na shamba tena Usiha. Alibadilishana haki moja isiyoandikwa na nyingine isiyoandikwa.

Na mgodi je? Mwanafunzi wangu hakukosea kabisa. Wajerumani walikuwa wameona dalili za dhahabu Geita mwishoni mwa karne ya 19, na mgodi ulikuwa ukifanya kazi tangu miaka ya 1930, kabla babu hajafika. Alipofika aliukuta, na kwake mgodi ulikuwa soko: aliwauzia wafanyakazi wake karanga na mtama. Mwaka 1966 ukafungwa. Wafanyakazi waliondoka na mji ukanywea. Wakulima walibaki, na kwa zaidi ya miaka thelathini Geita iliishi kwa pamba, muhogo, samaki na ng'ombe, mpaka mgodi mkubwa wa sasa ulipofunguliwa mwaka 2000. Kipindi hicho cha kati hakimo kabisa katika kumbukumbu za wanafunzi wangu. Wengi wao walizaliwa baada yake, na runinga huonyesha mashimo makubwa, haionyeshi minyaa.

Mwaka 1974 babu alihamishwa kweli, mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yake. Operesheni Vijiji iliipanga kaya yake kando ya barabara, mwendo wa saa moja na nusu kutoka shamba lake. Hakuipinga. Alimpenda Mwalimu, na alikuwa na kadi ya TANU aliyoitunza ndani ya Biblia ambayo hakuweza kuisoma. Ila kila alfajiri alitembea kurudi shambani, na jioni akarejea kijijini kulala. Kwa macho ya mtu aliyezipigania kaya zilizopakana ili kumfukuza mbung'o, kuwarundika watu barabarani na kuyaacha mashamba yaote vichaka lilikuwa jambo asiloweza kulielewa. Katikati ya miaka ya 1980 alirudi kimya kimya kwenye mahame yake. Akafyeka mara ya pili, akiwa na miaka zaidi ya sitini. Alifariki mwaka 1996, akazikwa ndani ya minyaa, bibi akamfuata miaka mitatu baadaye.

Miaka miwili kabla ya kifo chake Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ilitoa uamuzi katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake, kesi iliyotokana na mvurugano wa ardhi ulioachwa na vijiji. Bunge lilikuwa limetunga sheria mwaka 1992 ya kufuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa. Mahakama ilisema haki za kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba fidia ya haki haiishii kwenye nyumba na miti iliyopo. Mtu aliyetia jitihada katika ardhi anastahili kulindwa hata kama maendeleo yanayoonekana hayapo. Nimewasomesha wanafunzi wangu uamuzi huo mara nyingi, na kila nikifika kwenye neno jitihada namwona mzee mmoja akibandua magome. Sheria za Ardhi za 1999 zikaongeza kwamba ardhi yenyewe ina thamani, na kanuni za 2001 zikataja posho ya usumbufu, usafiri, makazi na hasara ya faida. Kwenye karatasi tumetoka mbali tangu 1923.

Sasa niseme kilicho mezani. Mwaka juzi shamba la babu liliingia ndani ya mipaka ya mradi mmoja. Mradi wenyewe siutaji, maana shauri halijaisha na mimi si mtu asiye na upande. Waliokuja kuthamini walikuwa vijana wenye adabu, wengine rika la wanafunzi wangu. Walihesabu miembe, wakapima nyumba, wakaandika makaburi mawili, wakapiga picha ya baba mdogo akiwa ameshika kibao chenye namba. Minyaa hawakuiandika. Nilipouliza waliniambia, kwa upole, kwamba minyaa haimo katika orodha ya mimea yenye bei. Nikawauliza kama kuna mahali pa kuandika lini ardhi ilifyekwa na nani. Hapakuwa na mahali. Sehemu ya shamba iliyokuwa imepumzishwa, ile ambayo baba mdogo huiacha miaka mitatu ili udongo urudishe nguvu, waliiandika kuwa ni pori.

Neno lilikuwa limerudi. Watumishi wa umma mnaosoma hapa, nawaombeni mlitazame neno hilo kila mnapolitumia, kwa sababu lina historia ndefu na limeshawagharimu wengi, Wazinza kwanza kuliko sisi. Linabadilika pia kulingana na nani amesimama wapi. Mwaka 1951 Msukuma aliyeingia pori la Geita na ng'ombe wake aliandikwa katika taarifa kuwa ni maendeleo. Mwaka 2006 wajukuu wa watu walewale waliondolewa Ihefu, na mwaka 2012 bonde la Kilombero, wakiitwa wavamizi. Sisemi walionewa wote. Mito ile ina wenyewe, na ng'ombe wengi katika ardhi oevu ni balaa. Nasema kwamba walifanya yaleyale waliyosifiwa nayo babu zao, na hakuna aliyekaa nao kuwaeleza ni lini kanuni ilibadilika.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,739,530 katika mkoa wa Geita, mwaka uleule ulioanzishwa rasmi. Ile ya 2022 ilihesabu 2,977,608. Wengi wa hao hawakuzaliwa na wafyekaji wa miaka ya 1950. Wamekuja kwa maduara ya Nyarugusu na Rwamgasa, kwa biashara za Katoro, kwa ajira. Nao watakuwa na wajukuu watakaosema waliikuta Geita pori. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nyumbani. Katika shamba la jirani vijana walikuwa wamechimba duara katikati ya mashina ya pamba, na karasha lilikuwa likinguruma mchana kutwa. Mmoja wao, mtu wa Singida, aliniuliza vile vigae na mabonge meusi chini ya mti ni vya nini, kwa maana alidhani ni mabaki ya dhahabu na alikuwa ameshaponda kimoja. Nilimweleza habari za Warongo. Alisikiliza kwa makini, akauliza kama katika chuma hicho kulikuwa na dhahabu yoyote, nikamwambia hapana, akakirudisha kipande kilichobaki mahali pake.

Baba mdogo bado anayo fomu. Ameikunja ndani ya ile Biblia, pamoja na kadi ya TANU ya mwaka 1959. Hajaisaini. Amewaandikia barua kuomba warudi, wapite kwenye minyaa pande zote nne, na waandike mwaka.